SOMO: METALI MBILI KATIKA BODI MOJA



Katika ukaguzi wa mali za vyama vya msingi, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, kifungu kinachoandikwa kwa haraka kuliko vyote ni kile cha matengenezo ya magari. Hati ya malipo husema "kuziba bodi", fundi hutia sahihi, mweka hazina hulipa, na mwaka unaofuata huletwa hati nyingine yenye maneno yale yale. Ni nadra kamati kuuliza kwa nini bodi ya alumini, ambayo wote tumeambiwa haishiki kutu, hutoboka kabla ya chesisi ya chuma iliyo chini yake. Somo hili linahusu swali hilo, nami nitaanza na kisa ambacho ndani yake mimi mwenyewe nilikosea.

Mwaka 2016 nilikagua hesabu za chama kimoja cha wakulima wa kahawa katika nyanda za juu za Kasulu. Chama hicho kilikuwa na Landrova ya pikapu, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Juu ya sehemu yake ya mizigo mafundi walikuwa wamejenga kibanda: fremu ya vyuma vya pembe, iliyofunikwa mabati ya alumini na kukazwa kwa bolti na ribiti. Kusudi lilikuwa jema. Msimu wa ununuzi unapofika, gari hupanda vijijini, karani hupima mazao na kuandika stakabadhi, na usiku yeye na dereva hulala ndani ya kibanda pamoja na mizani na magunia, kwa kuwa si kila kijiji kina ghala la kufunga kwa kufuli.

Kibanda kilijengwa mwaka 2014. Baada ya misimu miwili ya mvua, mabati yalikuwa yamevimba kando ya fremu, rangi imeinuka kama malengelenge ya mtu aliyeungua, na ungaunga mweupe ulikuwa ukidondoka kila mlango ulipofungwa kwa kishindo. Kuzunguka vichwa vya bolti kulikuwa na matundu yapitayo kidole. Mvua ikaingia, magunia yakalowa. Na kahawa iliyokwisha kaushwa, ikilowa tena, huota ukungu na kushuka daraja. Hasara hiyo ilikuwa ya wakulima wenyewe.

Kamati ilikaa, ikatafuta mkosaji, ikampata dereva. Hoja ilikuwa kwamba dereva alizoea kubeba betri kwenda kuchajiwa. Tindikali ya betri hula metali. Basi ni yeye aliyeimwaga. Ikaazimiwa akatwe mshahara hadi gharama zifidiwe. Nami nilisoma muhtasari, nikayaona matundu kwa mbali, nikaandika katika taarifa yangu maneno matatu ambayo nimeyajutia: "uzembe wa dereva".

Siku ya pili dereva, mtu mzima kunizidi, alinijia nje ya ofisi. "Ndugu Mkaguzi," akasema, "jana umekagua karatasi. Leo njoo ukague gari." Nikamjibu, "Twende, Mzee." Tukaingia ndani ya kibanda na tochi. Alinionyesha pembe ya mbele, upande wa kushoto, mahali alipozoea kulaza kichwa. Bati la hapo lilikuwa likigongagonga fremu na kumnyima usingizi, naye alikuwa amekata vipande vya dumu la plastiki la mafuta ya kula na kuvichomeka baina ya bati na chuma ili kelele ikome. Tulifungua bolti mbili. Nyuma ya plastiki ile alumini ilikuwa safi kama siku ilipotoka dukani. Shibiri moja kando yake, ambako bati lilikalia chuma bila kitu katikati, kidole changu kilitokeza nje.

Hapo ndipo ilipoanza kunipambazukia. Tindikali iliyomwagika ingeacha alama sakafuni, pale betri zilipowekwa. Lakini sakafu ilikuwa nzima. Uharibifu ulifuata fremu, mstari kwa mstari, hadi darini, ambako hakuna mtu awezaye kumwaga kitu kikakaa. Nilibadili taarifa yangu. Chama kilimrudishia mzee yule fedha zake kwa azimio la mkutano mkuu uliofuata. Kazini hakurudi; alikuwa amekwisha pata kazi kwingine.

BETRI ISIYOTAKIWA

Kila mtu aliyewahi kusahau betri ndani ya tochi analijua jambo hili nusu. Gamba la betri ya kawaida ya tochi ni zinki. Katikati mna kijiti cha kaboni. Na baina ya hivyo viwili umo uji wenye chumvi. Umeme hupatikana kwa kuwa zinki inaliwa. Betri ikikaa mno, gamba hutoboka na uji hutoka nje. Mwitaliano Alessandro Volta alikuwa ameitangaza kanuni hiyo mwaka 1800, alipopanga visahani vya metali mbili tofauti vikitenganishwa kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya chumvi. Aliyemtangulia, Luigi Galvani wa Bologna, alichapisha mwaka 1791 majaribio yake ya kuirusha miguu ya chura aliyekufa kwa kuigusisha metali, na kwa jina lake wataalamu huuita uharibifu tunaouzungumzia "ulikaji wa galvani".

Basi kibanda cha chama kile kilikuwa betri, ingawa hakuna aliyekusudia kuitengeneza. Zilikuwapo metali mbili za tabia tofauti, alumini na chuma. Ziligusana kupitia bolti na fremu, hivyo umeme ulikuwa na njia ya kupita. Tena ulikuwapo unyevu wenye chumvi, uliozilowanisha zote mbili kwa pamoja, huku hewa ikiingia. Pakikosekana moja la mambo hayo, betri imekufa. Kipande cha dumu kilizuia metali zisigusane. Mengine yote yalibaki kama yalivyokuwa, na alumini ya mahali pale ikapona.

Ni ipi kati ya metali mbili itakayoliwa? Hili si jambo la kukisia, kwa maana limepimwa. Katika maji ya chumvi, kwa kipimo kimojawapo cha maabara, zinki husimama karibu na volti 1.0 chini ya sifuri, alumini karibu na 0.75, chuma cha kawaida karibu na 0.6, shaba karibu na 0.35, na chuma kile kisichoshika kutu karibu kabisa na sifuri. Zikikutana mbili, iliyo chini zaidi ndiyo inayoliwa, na iliyo juu hulindwa kwa gharama ya mwenzake. Ndiyo sababu alumini hutoboka na fremu ya chuma hubaki na kutu kidogo tu. Na ndiyo sababu bolti iliyopakwa zinki haiidhuru alumini maadamu zinki yake ipo: hapo zinki ndiyo inayotangulia kuliwa. Zinki ikiisha, chuma kilichokuwa ndani hujitokeza, na alumini huchukua zamu yake.

Mtu atauliza: mbona mabati ya alumini juu ya mapaa hudumu miongo ya miaka? Kwa sababu alumini ikiwa peke yake hujivika ngozi nyembamba ngumu mara iguswapo na hewa, na ngozi hiyo huilinda. Chumvi huitoboa ngozi. Metali jirani huizuia isijijenge upya. Kinachobaki ni ule unga mweupe, ambao huhitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa. Kwa hiyo husukuma, huinua rangi, hupinda bati na hata kung'oa ribiti. Wengi hungoja wekundu wa kutu ili waamini kwamba gari linaoza. Kwa alumini wekundu hautakuja. Dalili yake ni weupe na uvimbe.

Jambo hili si geni, na waliolipata kwanza walilipata baharini. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika manowari yake *Alarm* mabati ya shaba chini ya maji, ili kuukinga ubao na minyoo. Misumari ilikuwa ya chuma. Meli ilipokaguliwa baada ya kurejea kutoka visiwa vya Karibi, ilionekana kwamba misumari mingi ilikuwa imelika sana, na mabati ya shaba yalikuwa yakining'inia au yamekwisha potea. Lakini misumari michache ilikuwa mizima. Wakaguzi walitazama kwa karibu, wakakuta kwamba chini ya vichwa vya misumari hiyo kulinasa vipande vya karatasi ya kahawia, ile ile ambayo shaba ilifungiwa kutoka kiwandani. Niliposoma habari hiyo niliwaza juu ya mzee yule na dumu lake la mafuta.

Landrova nazo zina ugonjwa huu tangu kuzaliwa. Zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, bali alumini ilipatikana. Wakaweka bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma, na milango ya ngozi ya alumini iliyokunjwa kuizunguka fremu ya chuma. Muundo huo, pamoja na mabadiliko mengi, uliendelea hadi utengenezaji wa Defender ulipokoma Januari 2016. Yeyote mwenye moja aikague mikunjo ya chini ya milango. Hata hivyo tusiielekeze lawama kwa Landrova peke yake: kila lori lenye sanduku la alumini juu ya fremu ya chuma lina muungano ule ule, na mara nyingi sanduku hilo limejengwa kwa haraka zaidi.

CHUMVI, MRUTUTU NA VUMBI

Maji ya mvua matupu hupitisha umeme kidogo, na ulikaji huenda polepole. Swali la kujiuliza ni nini kinachochanganyika na maji hayo katika wilaya zetu.

La kwanza ni chumvi ya Uvinza. Chumvi hiyo imechemshwa kutoka katika chemchemi za pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, na nyanda za Uha zimeila tangu zama za misafara ya miguu. Gari la chama linapokosa mazao ya kubeba hukodishwa, na mzigo wa chumvi hupatikana wakati wote. Gunia huvuja, punje hujipenyeza katika maungio, na kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa, maungio hayakauki hata siku isiyo ya mvua. Nilipofungua tena mihtasari ya chama kile, nilikuta safari za chumvi zimeidhinishwa na kamati yenyewe, wajumbe wote wakiwapo. Mapato ya kukodisha yameandikwa senti kwa senti. Gharama ya kuliosha gari baada ya safari haimo.

La pili ni hatari zaidi, nalo halisemwi. Wakulima wa kahawa hutumia mrututu na dawa nyingine za shaba dhidi ya magonjwa ya ukungu. Dawa hiyo ikimwagika na kulowa, shaba iliyomo hutoka ndani ya maji na kujibandika juu ya alumini kama vidoa visivyoonekana kwa jicho. Kila kidoa huwa betri ndogo, na tofauti baina ya alumini na shaba ni kubwa zaidi kuliko ile ya alumini na chuma. Hapa hata fremu haihitajiki. Bati hutoboka katikati, mahali pasipo na bolti wala ribiti. Mrututu usafirishwe ndani ya ndoo za plastiki zenye vifuniko, wala usichanganywe kamwe katika chombo cha alumini au cha bati.

Mbolea nyingi za chumvichumvi nazo ni chumvi, hasa zile zenye kloridi na salfeti. Vumbi letu jekundu halili kitu lenyewe, lakini hujaza mianya na kushika maji kama sponji. Kuanzia Juni hadi Septemba betri hii karibu imelala. Mvua za Oktoba huiamsha. Basi wakati wa kulifungua gari ni kiangazi, kabla ya msimu wa mvua, ijapokuwa najua kuwa ndio wakati gari lina kazi nyingi na fundi hapatikani.

KUFUNGUA NA KUJENGA UPYA

Tiba haianzi kwa kuziba. Bati lililovimba likipigwa nyundo likarudi, likajazwa pati na kupakwa rangi, unga unaendelea kufanya kazi gizani. Chama kile kililipa mara mbili kwa kazi ya namna hiyo kabla sijafika. Maungio lazima yafunguliwe.

Bati likishatolewa, unga wote mweupe usuguliwe kwa brashi ngumu ya nailoni au ya waya usioshika kutu. Brashi ya waya wa kawaida isitumike, kwa maana huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na ile ya waya wa shaba ni mbaya zaidi. Kisha paoshwe kwa maji safi mengi mpaka chumvi iishe, na pakauke kabisa juani. Kama bati limebaki jembamba kama karatasi, likatwe na kutiwa kiraka cha alumini. Kiraka cha bati la chuma, ambacho fundi atakisifu kwa uimara, huongeza maungio mapya ya ugonjwa ule ule. Fremu nayo ikwanguliwe kutu hadi chuma kionekane.

Kuhusu rangi, kuna kanuni inayowashangaza wengi, nami naomba Makatibu waisome mara mbili. Kama rangi inatosha upande mmoja tu, ipakwe chuma, si alumini. Fikra ya kawaida ni kukipaka kile kinacholiwa. Lakini rangi hukwaruzwa. Alumini iliyopakwa ikikwaruzwa mahali padogo, nguvu yote ya chuma kikubwa kilicho uchi hukusanyika juu ya mkwaruzo ule, na bati hutoboka upesi kuliko kama lisingepakwa kabisa. Chuma kikipakwa, betri hupungukiwa na upande wake mmoja. Bora ni kupaka vyote viwili, kila kimoja kwa rangi ya msingi inayokifaa. Vitabu vya zamani hutaja zinki kromati kwa alumini. Ilifanya kazi vizuri, ila kromati husababisha saratani, na siku hizi zinki fosfeti hutumika badala yake. Rangi ya msingi yenye risasi isiguse alumini hata kidogo, kwa kuwa risasi nayo huila.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ukubwa, bolti ndogo ya chuma katika bati kubwa la alumini huleta madhara ya polepole, bali ribiti ndogo ya alumini katika bamba kubwa la chuma huliwa ikaisha. Kidogo kinacholiwa kisiachwe peke yake mbele ya kikubwa kinachokila.

Kisha huja kitenganishi, ambacho ndicho kiini cha kazi yote. Baina ya bati na fremu uwekwe ukanda wa plastiki isiyonyonya maji, mpana kuliko chuma chenyewe ili kingo zitokeze pande zote mbili. Ndani ya kila tundu uingizwe mrija mwembamba wa plastiki, na chini ya kichwa cha bolti na chini ya nati pawe na washa ya nailoni. Jambo hili la mwisho ndilo mafundi hulisahau: wanaweka ukanda mzuri, halafu bolti inapita katikati na kuziunganisha metali zote mbili kana kwamba ukanda haupo. Kingo zifungwe kwa gundi ya kuzibia maji. Kitambaa, blanketi, ngozi na kadibodi havifai, maana hunyonya maji na kuyashika pale pale. Mpira mweusi wa tyubu, ambao kila gereji inao bure, nao si wa kutumainiwa: weusi wake ni masizi ya kaboni, na kaboni ni adui mkubwa wa alumini. Karatasi ya kahawia iliyookoa misumari ya *Alarm* ilikuwa bahati, na hakuna kamati inayopanga bajeti kwa bahati.

Ribiti ziwe za alumini. Kwa zile za kuvuta, katibu amwombe fundi amwonyeshe pini iliyo ndani, kwani nyingine zina mwili wa alumini na pini ya chuma inayobaki ndani baada ya kukatika. Bolti ziwe za zinki nene, na zikaguliwe kila mwaka. Au ziwe za chuma kisichoshika kutu, lakini kwa sharti kwamba zina mirija na washa. Zipakwe grisi isiyo na grafaiti. Wenye kudharau grisi waikumbuke Liemba pale Kigoma. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina jipya. Ilikaa miaka kadhaa chini ya maji. Maji ya ziwa si ya chumvi, nakiri, na grisi haitenganishi metali; lakini huzuia maji yasiingie zinapogusana.

Nigusie mawili madogo. Mbao za sakafu zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa mara nyingi zina shaba, na zisilazwe juu ya alumini bila plastiki. Na penseli ya fundi, au ya katibu apimaye pamoja naye, isichore juu ya alumini. Kinachoitwa risasi ya penseli ni grafaiti, yaani kaboni, na mafundi wa ndege hukatazwa kabisa kuitumia.

WAJIBU WA KATIBU

Katibu hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kuandika vema. Hati ya kazi isiseme "kuziba bodi". Iseme: kufungua maungio, kuondoa unga wote, kupaka fremu, kuweka ukanda wa plastiki na washa za nailoni katika kila bolti, kutumia ribiti za alumini. Fundi akiyasoma maneno hayo atataja bei nyingine, iliyo kubwa zaidi, na kamati italalamika. Basi ziwekwe mezani hati za miaka mitatu iliyopita, zijumlishwe, kisha wajumbe walinganishe wenyewe. Sehemu ya malipo izuiwe mpaka mjumbe mmoja aone maungio kabla hayajafungwa. Yakishafungwa, kazi nzuri na kazi mbaya hufanana kabisa kwa mwaka mzima.

Kitabu cha safari za gari kionyeshe mzigo, si umbali peke yake. Kila safari ya chumvi, mbolea au dawa za shaba ifuatwe siku ile ile na kuoshwa kwa maji safi, ndani ya kibanda, chini ya gari na katika mikunjo ya milango, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Gharama ya kuosha iingizwe katika bei ya kukodisha. Katika daftari la mali, kibanda kiandikwe peke yake, si ndani ya gari, kwa sababu uchakavu wake haulingani na wa injini. Hesabu zetu hupunguza thamani ya gari kidogo kidogo kila mwaka kana kwamba sehemu zote huchakaa kwa mwendo mmoja. Hii ni kanuni ya karatasi, alumini haijaisoma.

Na kabla kamati haijamkata mtu mshahara kwa uharibifu wa mali ya chama, atumwe mjumbe mwenye tochi na spana, achore kwenye karatasi mahali kila tundu lilipo. Nilitakiwa kufanya hivyo mwaka 2016, na ingenichukua nusu saa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Gari au sanduku la chama chenu lina maungio mangapi ya alumini na chuma, na mara ya mwisho yalifunguliwa lini?

2. Katika miezi 12 iliyopita, gari lilibeba chumvi, mbolea au mrututu mara ngapi, na liliporudi lilioshwa mara ngapi? Kitabu cha safari kinaonyesha?

3. Jumlisheni hati zote za "kuziba bodi" za miaka mitatu. Fedha hizo zingetosha kulijenga upya kwa vitenganishi?

4. Je, yupo mtumishi wa chama anayekatwa mshahara sasa kwa ajili ya bodi iliyotoboka? Matundu yako wapi?